Mabula, jina la kwanza

Novemba iliyopita nilimpeleka mama yangu zahanati, nyumbani Nkoma, Itilima, mkoani Simiyu, akapimwe presha. Tulikaa benchi moja na kina mama waliokuja kliniki ya watoto. Muuguzi alikuwa anaita majina kutoka kwenye rundo la kadi: Brayani, Glori, Ivani, Jeska. Kisha akaita, “Mabula!” Nikainuka. Pembeni yangu akainuka pia binti wa miaka ishirini na kitu, kambeba mtoto mgongoni, akanitazama asielewe. Aliyeitwa alikuwa mwanawe, mwenye miezi minne. Nikaketi. Mama akanigusa goti akasema, “Baba, umepata mwenzio.”

Mama huniita baba kwa sababu jina langu lilikuwa la baba yake mzazi. Kwa miaka zaidi ya arobaini, ni yeye na wazee wachache wa kijiji wanaonijua kwa jina hilo. Kazini, benki na kwenye kitambulisho cha taifa mimi ni mtu mwingine.

Binti yule alipotoka kupima mtoto nilimuuliza kama siku ya kuzaliwa mvua ilinyesha. Akacheka. “Julai, baba? Watu walikuwa wanauza pamba.” Mtoto amepewa jina la babu wa mume wake. Mume ndiye aliyeng’ang’ania, na mama mkwe alipendekeza Ivani, wakabishana wiki nzima. Akaniambia pia kwamba huyo si wa pekee. Kijiji cha jirani yupo Mabula mwingine ambaye hajaanza kutembea, na katika jumuiya yao ya kanisa kuna Malimi na Mashimba, wote wa mwaka huo. Wazazi wao ni vijana wenye simu za kisasa. Hawajalazimishwa na mzee yeyote.

Habari hiyo imenikaa moyoni miezi yote hii, na ndiyo inayonifanya niandike.

Kwa Kisukuma mbula ni mvua. Mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Mabula, wa kike Kabula. Msomaji wa Mwanza atasema akina Mabula wamejaa, kuna nini hapa cha kuandikia makala? Ni kweli wamejaa. Kwa miaka kumi, kuanzia 2015, majimbo mawili ya mjini Mwanza, Nyamagana na Ilemela, yaliwakilishwa bungeni na Stanslaus Mabula na Angeline Mabula. Lakini tazama Mabula amekaa upande gani. Yuko mwishoni. Chukua daftari la mahudhurio la shule yoyote ya Usukumani, utamkuta kila ukurasa, na karibu kila mara atakuwa nyuma ya Emanueli, Yohana au Josefu. Ukitafuta aliye mbele, mtoto ambaye mwenzake akimwita uwanjani anasema “Mabula, nipe mpira,” utafunua kurasa nyingi.

Watanzania tunaandika majina matatu: lako, la baba na la babu. Utaratibu huu una tabia moja tusiyoizungumza. Unasogea. Kila anapozaliwa mtoto majina yanarudi nyuma hatua moja, na la mwisho linadondoka. Mzee Mabula akimzaa mwana akamwita Yohana, na Yohana akamzaa Emanueli, huyo mjukuu ataandikwa Emanueli Yohana Mabula. Siku Emanueli atakapompata mwanawe akamwita Brayani, cheti kitasomeka Brayani Emanueli Yohana. Mvua imekatika hapo. Hakuna aliyeamua kulifuta jina, hakuna kikao kilichokaa, na kitukuu wa Mzee Mabula hatajua kamwe kwamba kuna kitu kilipotea.

Ziko familia zinazolishikilia kwa kuligandisha liwe jina la ukoo, likapita kwa wajukuu na vitukuu bila kubadilika. Hilo ni jema, lakini jina la ukoo ni kama muhuri, linagongwa kwenye karatasi. Mama hamwiti mtoto wake kutoka ng’ambo ya shamba kwa jina la ukoo. Jina huishi pale linapoitwa, na sehemu inayoitwa ni moja tu, ya kwanza. Ndiyo maana nasema wale vijana wa Nkoma wamefanya jambo kubwa kuliko wanavyodhani. Wamelichukua jina lililokuwa limefika ukingoni wakalirudisha mwanzo wa mstari, likaanza safari upya. Kwa hesabu ile ile ya kusogea, jina la yule mtoto wa Julai litadumu kwenye vyeti mpaka kwa wajukuu wake.

Niseme yangu sasa. Nilizaliwa mwanzoni mwa 1975. Ukame wa 1973 na 1974 ulikuwa umeibana nchi hadi serikali ikaagiza nafaka nyingi kutoka nje, na katikati ya shida hiyo hiyo Operesheni Vijiji ilikuwa inawahamisha watu kutoka kwenye kaya zao za zamani. Mama anasema waliishi kwa michembe ya viazi ya mwaka uliotangulia, wakiihesabu. Usiku niliozaliwa mvua ilipiga mpaka asubuhi na wanaume walitoka alfajiri kwenda kutazama kama maji yamesimama mbugani. Kwa hiyo jina lilinifikia kwa njia mbili, kwa babu na kwa mawingu, na mama anasema hakukuwa na mjadala.

Mwaka 1983 nikaandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu aliyekuwa mezani aliuliza jina la dini. Baba akajibu kwamba mtoto bado hajabatizwa, anaitwa Mabula. Mwalimu akasema hilo ni jina la nyumbani, shuleni haliandikwi. Akafikiri kidogo, akaandika jina alilolipenda yeye. Wiki ya kwanza nilichapwa mara mbili kwa kutoitikia. Alikuwa ananiita mimi, nami nilikaa kimya nikisubiri mwenye jina hilo aseme yupo. Baadaye nilibatizwa kwa jina lile lile la mwalimu, maana ndilo lililokuwa tayari kwenye karatasi.

Watu wengi wa rika langu wanaamini Kanisa ndilo lililotaka hivyo, na wengine wanalilaumu mpaka leo. Nilipokuwa mtu mzima nilitafuta kujua, na nilichokikuta kilinisikitisha zaidi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapata jina la Kikristo, lakini ilisema pia kwamba wazazi wakishikilia jina lao, aongeze la mtakatifu na yote mawili yaandikwe kitabuni. Yote mawili. Na sheria mpya, iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo wa Pili Januari 1983, mwaka ule ule niliopigwa viboko, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Sioni ni kwa namna gani mvua ingeihuzunisha imani ya mtu yeyote. Padri wa leo anambatiza mtoto Mabula bila neno. Kwa hiyo mlango haukuwa umefungwa kama tulivyodhani. Tuliozoea kuufunga tulikuwa sisi wenyewe, walimu, makarani na wazazi walioona aibu.

Aibu hiyo tunaijua ilikotoka. Msukuma amekuwa mtu wa kuchekwa katika vichekesho vya mjini kwa muda mrefu, lafudhi yake, baiskeli yake, na hasa jina lake. Mchekeshaji akitaka watazamaji waelewe kwamba anayeingia ni mshamba, anampa jina la Kisukuma na kazi imekwisha. Mtoto aliyekulia Mwanza au Dar es Salaam anasikia hayo kila siku, kisha tunamshangaa anapotaka kuitwa vingine. Wazazi waliompa mwanao jina la Brayani hawakuwa wanamdharau babu. Walikuwa wanamkinga mtoto. Nawaelewa, na sitawashambulia. Ila kinga hiyo haihitajiki tena kama zamani. Katika Bunge lililopita Simiyu yetu ilikuwa na Luhaga Mpina wa Kisesa, Mashimba Ndaki wa Maswa Magharibi na Njalu Silanga wa hapa hapa Itilima. Wote watatu jina la Kisukuma liko mbele, na wawili kati yao, Luhaga na Mashimba, walifikia uwaziri kamili. Mashimba, kwa asiyejua, limetoka kwa shimba, yaani simba. Kuanzia 2023 hadi 2025 Naibu Waziri Mkuu wa nchi hii alikuwa Doto Biteko, na Mtanzania yeyote aliyemsikia, awe wa Kigoma au Mtwara, alijua bila kuambiwa kwamba huyu ana pacha wake, Kulwa, aliyemtangulia kutoka.

Hapo kwenye Doto ndipo utajiri wetu ulipo, na naomba nikae hapo kidogo. Jina la namna hii linabeba taarifa. Kulwa ni pacha wa kwanza, Doto wa pili, na anayezaliwa baada yao ni Shija, kwa hiyo ukikutana na Shija umeshawajua ndugu zake wawili kabla hajakutajia. Kashinje alitanguliza miguu. Malimi ni wa jua, kutoka limi. Mayala alizaliwa wakati wa njaa, nzala. Makoye alizaliwa katika matatizo, na Maduhu limetoka kwa duhu, hakuna kitu. Wengine huona majina haya ya mwisho kuwa mikosi. Mimi naona ujasiri. Familia iliyokaa gizani bila chakula ikamwita mtoto Mayala haikumlaani, iliweka kumbukumbu kwamba mwaka ule ulikuwepo na huyu aliupita. Babu zetu hawakuwa na masjala. Waliandika kwa watoto.

Na haikuwa kwetu Usukumani peke yetu. Vuka kwenda Mara, Butiama, kwa Wazanaki. Mwaka 1860 alizaliwa mtoto wakati viwavi vimeshambulia nchi, akaitwa Nyerere, ambalo kwa lugha yao ndilo jina la kiwavi. Huyo ndiye Chifu Nyerere Burito. Aprili 1922 akapata mwana, akamwita kwanza Mugendi, mtembezi. Mganga akashauri libadilishwe, akapewa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa alizaliwa mvua kubwa ikinyesha. Alipobatizwa mwaka 1943 akaongezewa Julius. Angalia jina zima la Baba wa Taifa: la kwanza la Kirumi, la pili ni mvua, la tatu ni kiwavi. Njaa na shibe ya Mara kwa miaka sitini imeandikwa hapo, na dunia nzima imelitamka jina hilo bila kujua inasoma nini.

Lakini Kambarage likafupishwa likawa K. Julius K. Nyerere, ndivyo tulivyolisoma vitabuni. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikajua ile herufi ilikuwa inaficha mvua, mvua ile ile ninayoibeba mimi. Laiti mwalimu wangu wa 1983 angetuambia hivyo darasani! Rais aliyekuwa madarakani siku ile, ambaye picha yake ilikuwa ukutani juu ya kichwa cha mwalimu, alikuwa Mabula wa Kizanaki.

Sasa kuna jambo linalonitia wasiwasi, na silifichi. Huko mjini jina la asili limeanza kuwa pambo. Wazazi wanafungua simu, wanatafuta orodha ya majina mazuri ya Kiafrika ya wavulana, wanachagua linalosikika vizuri na jina la dada yake. Nimekutana na mtoto wa Kisukuma mwenye jina la Kiyoruba, baba yake hana ndugu wala rafiki Nigeria. Jina ni zuri, simkatazi mtu, lakini kuchagua hivyo ni kama kununua picha ya babu wa mtu mwingine ukaitundika sebuleni. Uzuri wa Mabula hauko kwenye sauti yake. Uko kwenye swali linalofuata: ni mvua ya mwaka gani, au ni Mabula yupi uliyemrithi?

Ndiyo sababu yule mtoto wa Julai hanisumbui hata kidogo, ingawa alizaliwa vumbi likitimka. Kurithi ni njia halali na ya zamani. Kwetu mtoto akilia usiku kucha bila ugonjwa wazee walisema analilia jina, wakatafuta ni mzee gani wa ukoo anayetaka kukumbukwa, na jina likabadilishwa. Kwa Mugendi aliyegeuka Kambarage ilikuwa hivyo hivyo, jina lilitafutwa mpaka likapatikana. Aliyerithi amerithi na mvua ya babu yake. Kinachotakiwa ni aambiwe: huyu ndiye, alikaa hapa, kaburi lake lile, mvua yake ilikuwa ya mwaka huu. Bila hayo Mabula ni silabi tatu tu, sawa na Ivani.

Wala sitaki serikali iingilie. Jirani zetu wa Zaire, Kongo ya leo, walijaribu. Rais Mobutu alipowaamuru raia mwaka 1972 waache majina ya Kikristo, alianza na lake, Joseph-Désiré likawa Mobutu Sese Seko, na mapadri wakatishiwa kifungo wakibatiza kwa majina ya kigeni. Alipoanguka, akina Joseph walirudi kwa kasi ile ile. Jina linalotoka kwa mkuu wa nchi linaondoka naye. Linalotoka kwa bibi linabaki.

Serikali ina kazi nyingine, ndogo na muhimu kuliko hiyo, nayo ni kuandika sawasawa. Mabula linaandikika kirahisi, lakini jaribu Ng’wandu, jina letu la mbuyu. Karani mmoja anaandika Mwandu, mwingine Ngwandu, mwingine Nguandu. Namjua kijana aliyekuwa na maandishi matatu tofauti ya jina la baba yake, kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kwenye kitambulisho. Alipoomba mkopo wa chuo, ambao lazima cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili, alizunguka kwa wakili kuapa kiapo, akarudishwa, akaapa tena. Gharama ya nauli na wakili ilizidi bei ya mbuzi wawili. Ofisi iliyokosea mwanzo haikumlipa hata shilingi. Mzazi akiyaona hayo, mtoto anayefuata anamwita Joni, na nani atamlaumu? Watu wanadhani majina ya asili yameuawa na usasa. Mengine yameuawa na kistari kimoja kidogo, ile ng’ ambayo karani aliona uvivu kuiweka.

Na makarani wa leo wana nafasi ambayo wale wa zamani hawakuwa nayo. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano umeshusha vyeti mpaka vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo. Zamani mtu wa Nkoma alisafiri hadi makao makuu ya wilaya, na wengi hawakwenda kabisa. Leo jina linaandikwa hapo hapo alipozaliwa mtoto, na mara nyingi anayeandika ni mtu anayejua Kisukuma. Kosa likitokea sasa halina kisingizio.

Nikitazama ramani, hata eneo letu limepewa jina mara kadhaa katika maisha yangu. Nkoma niliyozaliwa ilikuwa Bariadi, mkoa wa Shinyanga. Tangu 2012 ni Itilima, mkoa wa Simiyu. Wakubwa walipokaa kuupa mkoa mpya jina wangeweza kuchagua la kiongozi yeyote. Walichagua la mto. Watu zaidi ya milioni mbili, kwa sensa ya 2022, wanaandika kwenye barua zao kila siku jina la maji yanayopita kwao kuelekea Ziwa Viktoria. Hakuna aliyesema hilo ni jina la nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetarajia mtoto mwaka huu, Nkoma, Lagangabilili, Bariadi, hata wewe uliye Kahama au Temeke: nenda kamuulize mama yako au baba yako jina la babu aliyedondoka kwenye cheti chako. Kauliza alizaliwa siku gani, kulikuwa na nini. Mpe mtoto jina la ubatizo au la Kiislamu kama imani yako inavyotaka, hilo halina ugomvi na hili. Lakini ukifika kwenye meza ya usajili, na karani akishika kalamu, taja la babu kwanza, herufi kwa herufi, na kama lina ng’, simama hapo mpaka uone amekiweka kile kistari. Kisha soma cheti chote kabla hujaondoka.

Mimi nimeshaanza taratibu za kiapo. Mama ana miaka themanini na mbili, na nataka akione kitambulisho changu kikiwa kimeandikwa Mabula.